Kichwa cha Dizeli katika Reli ya Uajemi

Mwezi Machi mwaka 1941, kiwanda cha American Locomotive Company, ambacho watu wa reli walikiita Alco, katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, kilianza kutoa kichwa kipya cha treni kinachotumia mafuta ya dizeli. Kilipewa jina la RS-1. Kilikusudiwa kazi mbili: kupanga mabehewa ndani ya stesheni, na kuvuta treni katika safari ndefu. Makampuni matano ya reli ya Marekani yaliviagiza vichwa vya mwanzo, lakini 13 kati ya hivyo havikudumu mikononi mwa wenyewe. Jeshi la Marekani lilivitwaa, vikarudishwa kiwandani, vikaundwa upya upande wa magurudumu, kisha vikapakiwa melini kwenda Irani, nchi ambayo sisi watu wa pwani tumezoea kuiita Uajemi.

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia safari ya vichwa hivyo. Si kusudi letu kusifu chombo cha vita. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mashine hii haieleweki kwa kutazama chuma chake peke yake. Sura iliyopewa ilitokana na kiu ya jangwa, na moshi wa mahandaki, na zaidi ya hayo ilitokana na reli ambayo tayari ilikuwa imekwisha kujengwa, na kulipiwa, na watu ambao vita ile haikuwa yao.

Kwanza yafaa tujiulize kwa nini jeshi lolote lilihitaji dizeli wakati ule. Rudolf Diesel alikuwa ameonyesha injini yake ikifanya kazi tangu mwaka 1897, lakini hata miaka arobaini baadaye treni nyingi duniani zilikuwa zikivutwa kwa mvuke. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tuliita chombo hiki gari la moshi kwa sababu moshi ndio ulioonekana kwanza, kabla ya kichwa chenyewe na kabla ya mabehewa. Basi jambo hilo hilo lililotupa sisi jina ndilo lililowapa wanajeshi wasiwasi, kwani moshi humwonyesha adui njia, na cheche za moto hazifai kupita karibu na bohari ya baruti. Kwa ajili hiyo jeshi la Ujerumani liliunda vichwa vyake vya dizeli kabla ya vita na wakati wa vita. Kilichojulikana sana kilipewa jina WR 360 C 14, na kila alama ya jina hilo ilikuwa na maana yake: mali ya jeshi, reli ya upana wa kawaida, nguvu za farasi 360, ekseli tatu zinazovuta, na uzito wa tani 14 juu ya kila ekseli. Kilikuwa kichwa kidogo cha kazi za karibu. Baada ya vita vilivyosalia viliingia katika shirika la reli la Ujerumani Magharibi kwa jina la V 36, vikafanya kazi ya raia kwa miaka mingi.

Kichwa cha Alco kilikuwa jambo jingine. Hicho kilitakiwa kuvuka nchi nzima.

Reli iliyokingojea ilikuwa na historia yake, nayo hatuwezi kuipita haraka. Mwaka 1925 Bunge la Irani lilipitisha sheria ya kutoza fedha juu ya sukari na chai, ili fedha hizo zijenge reli ya kuunganisha bahari ya kusini na bahari ya kaskazini. Mtawala wa wakati ule, Reza Shah, hakutaka kukopa nje, maana aliona jinsi mikopo ilivyowafanya watangulizi wake kuwa watumwa wa Waingereza na Warusi. Sukari na chai! Msomaji hahitaji mkalimani hapa, kwa kuwa Mwajemi husema chay na shekar, na bandari kwake ni bandar. Kila kikombe kilichonywewa katika nyumba ya mkulima kilitoa sehemu yake ya taruma au ya daraja. Ujenzi ulianza mwaka 1927, ukamalizika mwaka 1938, na reli ilikuwa na urefu wa kilomita 1,394, kutoka Bandar Shahpur katika Ghuba ya Uajemi mpaka Bandar Shah katika Bahari ya Kaspi. Ilipita katika mahandaki 224 na juu ya madaraja makubwa 174, na mahali pengine ilipanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wahandisi wa mataifa mengi waliishughulikia, na kampuni ya Kampsax ya Denmark ilisimamia kazi tangu mwaka 1933. Hata hivyo fedha zilikuwa za Wairani, na wengi wa waliopasua miamba walikuwa Wairani.

Wako waliosema, hata ndani ya Irani yenyewe, kwamba njia ile haikufuata biashara ya nchi, kwa sababu bidhaa nyingi zilitembea toka magharibi kwenda mashariki na reli ikatoka kusini kwenda kaskazini. Hoja hiyo si dhaifu. Lakini kwa mtu aliyetaka kupitisha silaha kutoka Ghuba mpaka Urusi, mstari huo ulikuwa kana kwamba umechorwa kwa ajili yake.

Mtu huyo alitokea upesi. Mwezi Juni mwaka 1941 Ujerumani ilishambulia Umoja wa Kisovieti. Tarehe 25 Agosti mwaka huo huo majeshi ya Uingereza yaliingia Irani kutoka kusini na magharibi, na ya Kisovieti kutoka kaskazini. Sababu waliyoitangaza ilikuwa kuwapo kwa Wajerumani nchini humo, ila njia ya kupitisha mizigo ilikuwa sababu kubwa zaidi. Katika mwezi Septemba Reza Shah aliacha kiti cha enzi kwa mwanawe, akapelekwa uhamishoni Mauritius, kisha Johannesburg, alikofia mwaka 1944. Ndivyo mjenzi wa reli ile alivyofia katika bara letu, wakati treni za wengine zikipita juu yake mchana na usiku.

Waingereza ndio waliokuwa wa kwanza kuiendesha sehemu ya kusini kwa ajili ya vita, nao walileta vichwa vya mvuke kutoka kwao. Vilikuwa imara, lakini nchi yenyewe iliwashinda. Upande wa kusini, kutoka baharini kupita Ahvaz mpaka Andimeshk, ni tambarare yenye joto ambalo wakati wa kiangazi huweza kupita digrii 50. Maji ni machache, na mara nyingi yana chumvi inayoganda ndani ya mabomba ya boila. Wasomaji wa Kenya watakumbuka shida waliyoipata wajenzi wa reli ya Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 walipofika nyika ya Taru, ambako maji yalilazimika kuletwa kwa treni kutoka nyuma. Mvuke ni maji, na mahali pasipo na maji kichwa cha mvuke hugeuka mzigo unaobeba mzigo.

Baada ya Andimeshk shida inageuka sura. Reli inaingia katika bonde la mto Dez na kupanda milima kuelekea Dorud na Arak, ikitoka handaki moja na kuingia jingine. Kichwa cha mvuke kinachopanda mlima hutoa moshi mwingi kuliko wakati wowote, na humo ndani ya handaki moshi huo hauna pa kwenda. Treni nzito ikienda polepole, dereva na mwenzake hubaki katika joto na hewa chafu kwa dakika nyingi. Wala tusidhani kwamba kuwasha mafuta mazito badala ya makaa ya mawe, kama ilivyofanywa Irani, kulikuwa dawa. Moshi ni moshi.

Hapa ndipo penye asili ya kichwa chetu. Mwezi Machi mwaka 1941 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuwasaidia kwa vifaa wale waliopigana na Ujerumani, na kabla ya mwaka kwisha nayo iliingia vitani. Iliamuliwa kwamba jeshi lake lishike uendeshaji wa reli kutoka Ghuba mpaka Tehran, na Warusi waendeshe kutoka Tehran kwenda kaskazini. Wanajeshi wa reli wa Marekani walianza kufika mwishoni mwa mwaka 1942. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa reli nyumbani kwao, nao walijua dizeli ni nini. Vichwa vyao vya dizeli vilifanya kazi nchini humo tangu mwaka 1943, na jumla yake ilikuwa 57.

Tueleze sasa jinsi kilivyofanya kazi, kwa maana wanafunzi wetu wengi wameona vichwa vya namna hii bila kufunguliwa siri yake. Injini ya dizeli haikuzungusha magurudumu moja kwa moja. Ndani ya boneti ndefu mlikuwa na injini ya silinda sita, yenye nguvu za farasi 1,000, iliyosaidiwa na chombo cha kuisukumia hewa. Injini hiyo ilizungusha jenereta, jenereta ikatoa umeme, na umeme ukapelekwa kwa nyaya mpaka kwenye mota zilizofungwa chini, karibu na ekseli. Kwa hiyo kila kichwa kilikuwa kituo kidogo cha umeme kinachotembea. Faida yake ilionekana mlimani: mota ya umeme huvuta kwa nguvu nyingi hata ikiwa inazunguka polepole, wakati ambapo injini ya mafuta peke yake ingezimika.

RS-1 ya kwanza ilikuwa na ekseli nne. Mafundi walizibadili ziwe sita, tatu mbele na tatu nyuma, kila moja na mota yake, na aina hiyo mpya ikaitwa RSD-1. Badiliko hili laweza kuonekana dogo, lakini kwa maoni yetu ndilo lililokifanya kichwa cha Schenectady kuwa kichwa cha Uajemi. Chombo kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 100. Uzito huo ukigawanywa juu ya ekseli sita badala ya nne, reli na madaraja huumia kidogo, na magurudumu yanayoshika njia huwa mengi. Jambo jingine ni chumba cha dereva. Hakikuwekwa mwisho kabisa wala katikati, bali kati ya boneti fupi na boneti ndefu, hata dereva aliweza kutazama pande zote mbili na kwenda mbele au nyuma bila kugeuza kichwa. Mpango huo ulipendeza hivi kwamba RS-1 iliendelea kuundwa kwa karibu miaka ishirini, na viwanda vingi vikaufuata.

Huko Irani vichwa viwili au zaidi vilifungwa pamoja vikavuta treni moja kupanda milima. Havikusimama kila mara kutafuta maji. Ndani ya handaki dereva aliweza kupumua. Si kwamba dizeli haikuwa na maadui: vumbi la jangwa huingia katika kila tundu, na joto linalomchosha mtu huchosha pia maji ya kupozea injini. Kushuka mlima nako kulibaki kuwa hatari ile ile, kwa sababu treni iliyobeba vifaru na risasi, breki zikishindwa, haiulizi kama kichwa chake ni cha mvuke au cha dizeli.

Ingekuwa kosa kuwapa vichwa hivi 57 sifa yote. Vichwa vya mvuke vya Kiingereza na vya Kimarekani viliendelea kufanya kazi kubwa, hasa kwenye tambarare. Malori yalipita barabarani kwa maelfu, na ndege zilizoundwa Marekani zilirushwa kutoka Abadan kwenda kaskazini. Miongoni mwa waliopakua meli na kuendesha malori walikuwamo askari weusi wa Marekani, ambao jeshi lao lenyewe lilikuwa likiwatenga na wenzao weupe katika vikosi mbalimbali. Nao Wairani walikuwa maelfu: madereva, mafundi wa karakana, walinzi wa njia, vibarua wa mataruma, wabadilishaji wa njia katika stesheni ambazo hazina hata kijiji kando yake. Hao ndio walioijua reli, kona kwa kona. Picha za wakati ule hupenda kuonyesha kijana wa Kimarekani akichungulia dirishani mwa kichwa cha dizeli. Aliyesimama chini akishika taa haonekani mara nyingi, nasi twaona kwamba historia iliyoandikwa kutokana na picha hizo imepungukiwa.

Kwa njia zote hizo pamoja, mizigo ya Marekani iliyopita Ghuba ya Uajemi kwenda Umoja wa Kisovieti ilizidi tani milioni 4, yaani karibu robo ya yote ambayo Marekani ilipeleka huko wakati wa vita. Irani ikaitwa Daraja la Ushindi.

Na walioishi juu ya daraja hilo? Mwaka 1942 mavuno yalikuwa haba, bei zilipanda, na vyombo vya usafiri vilivyozoea kubeba nafaka vilishughulikia mizigo ya vita. Mkate ukakosekana Tehran. Mwezi Desemba mwaka huo watu walijitokeza barabarani wakidai chakula, wakapigwa risasi, na baada ya njaa ukafuata ugonjwa wa homa ya madoa. Wanahistoria hawakubaliani juu ya kiasi gani cha njaa hiyo kilitokana na ukame, kiasi gani na wafanya biashara walioficha ngano, na kiasi gani na majeshi ya kigeni. Tusifanye hesabu ambayo hatuna. Lakini mlipaji wa kodi ya sukari na chai, aliyesimama kando ya njia mwaka 1942 akitazama mabehewa yakipita yamejaa na asipate mkate, hakuhitaji kungoja wanahistoria ili ajue nani alikuwa mwenye reli siku ile.

Wakubwa wenyewe walilijua jambo hilo. Roosevelt, Churchill na Stalin walipokutana Tehran mwishoni mwa mwaka 1943, walitoa tamko la pekee juu ya Irani. Humo walikiri kwamba nchi hiyo imesaidia katika vita, hasa kwa kurahisisha usafirishaji wa bidhaa kutoka ng'ambo kwenda Umoja wa Kisovieti, na kwamba vita vimeiletea shida maalumu za uchumi. Waliahidi msaada kadiri ya uwezo, na wakathibitisha uhuru wake. Ilikuwa ahadi nzuri. Hata hivyo majeshi ya Kisovieti hayakuondoka kaskazini mpaka mwaka 1946, baada ya Irani kupeleka malalamiko yake katika Umoja wa Mataifa uliokuwa mchanga.

Wamarekani waliacha kuendesha reli mwaka 1945, na kazi ya vichwa vya jeshi huko ikaisha. Wairani walirudi kwa muda katika mvuke, mpaka katika miaka ya 1950 waliponunua vichwa vya dizeli vya kwao wenyewe, navyo pia vilitoka Marekani, ingawa kwa kiwanda kingine.

Ila historia ya RSD-1 haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotushangaza zaidi. Warusi hawakuwa wageni wa dizeli. Tangu mwaka 1924 walikuwa wameunda vichwa vikubwa vya majaribio, na katika miaka ya 1930 walivitumia katika majangwa ya Ashgabat, Asia ya Kati, kwa sababu ile ile ya ukosefu wa maji. Lakini kabla ya vita kazi ya kuunda vipya ilisimamishwa, na wataalamu wakaambiwa wairudie mvuke. Vita vilipokuwa vikielekea mwisho, karibu vichwa 70 vya aina ya RSD-1 viliagizwa Marekani kwa ajili ya reli za Kisovieti zenyewe, vikapanuliwa magurudumu ili vifae njia yao iliyo pana, na kuandikishwa kwa jina la Da.

Wahandisi wa Kisovieti walivitazama kwa makini. Mwaka 1947 kiwanda cha Kharkov, katika Ukraine, kilitoa kichwa kilichoitwa TE1: nguvu za farasi 1,000, ekseli sita, injini ya silinda sita, chumba cha dereva kati ya boneti mbili. Mpaka mwaka 1950 vilikwisha kuundwa 300. Wakati huo Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wamekwisha kuwa mahasimu, na magazeti ya pande zote mbili yalijaa matusi. Injini ile haikusoma magazeti. Ilirekebishwa, ikaitwa D50, ikawekwa katika kichwa cha TE2, na tangu mwaka 1958 katika kichwa cha kupangia mabehewa kilichoitwa TEM1, kilichoundwa Bryansk. Ndugu mdogo wake, TEM2, aliyeongezewa nguvu hadi farasi 1,200, aliundwa kwa maelfu na kuuzwa mpaka Poland na Cuba.

Bandari mbili za reli ya Uajemi zilibadilishwa majina baada ya mapinduzi ya mwaka 1979. Bandar Shahpur sasa ni Bandar Imam Khomeini, na Bandar Shah ni Bandar Torkaman. Reli iliyo kati yake, pamoja na mahandaki yake 224, iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, kwa jina la nchi iliyoilipia.